Dawa Isiyopita Mwilini

Miaka ile nilikuwa nachota maji ambayo bado hayakuwa ya mtu yeyote. Yalikuwa yameshatoka kwa watu, kwenye bafu la kulipia na kwenye mapaa ya mabati, na yalikuwa safarini kwenda chini ya ardhi. Hapo katikati ndipo nilipoyasimamisha kidogo, nikayatia kwenye chupa za kioo za rangi ya kahawia, nikaandika saa na mahali, kisha nikayaacha mengine yaende zake.

Nilipanga chumba mtaa wa Ayany, Nairobi, na asubuhi za kazi nilishuka hadi Silanga, kando ya bwawa, na kasha la barafu begani. Saa kumi na mbili ukungu unakuwa bado umelala juu ya bwawa, na bwawa lenyewe hulioni kwa magugu. Unaona uwanja wa kijani tu, kama shamba ambalo mtu amelisahau. Kandokando watu wamelima nduma na miwa. Nyuma ya bafu ndipo ulipokuwa mradi wetu: tangi la kutuliza uchafu, kisha kitanda cha kokoto na mchanga kilichopandwa matete, na mwisho bomba lililoingia kwenye shimo refu, jembamba, lililochimbwa kwa mashine. Visima vya upande ule vilikuwa vikipungua, pampu zinashushwa chini zaidi kila baada ya muda, na wenye mradi walitaka kuirudishia ardhi maji badala ya kuichota tu. Kisima cha Lindi, ambacho watu walinunua maji yake kwa mitungi, hakikuwa mbali. Ndiyo maana kulikuwa na mimi na chupa zangu.

"Siste wa chupa, niaje?" Mama mmoja wa kuuza mboga alikuwa akiniuliza kila nikifika. Meza yake ilikuwa mkabala wa mlango wa bafu la wanawake: sukuma, managu, mrenda, kunde zilizofungwa kwa nyuzi za mgomba. Alikuwa wa rika langu, mtu wa upande wa magharibi ya nchi, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni.

"Poa. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Sasa nyinyi mnapea mchanga maji na sisi tuko na kiu?"

"Mchanga utakurudishia."

"Lini?"

Mkuu wetu wa maabara alisema maji huko chini hutembea polepole kuliko kobe, yakipenya kwenye nyufa za mawe ya volkano, na hakuna aliye na hakika yanapita wapi. Nilipenda kulifikiria jambo hilo. Wakati mwingine, nikisubiri chupa ijae, nilifumba macho nikayafuata: yanapita matete, yanapita mchanga, yanaingia gizani ambamo hakuna jua wala kelele, yanashuka bila haraka chini ya vyumba vya watu waliolala. Nikifumbua macho chupa imeshafurika na viatu vyangu vimelowa.

Tulichotafuta kilikuwa kidogo mno. Uchafu unaoonekana hushughulikiwa na mchanga na matete. Sisi tulitafuta mabaki ya sabuni, ya rangi ya nywele, ya dawa za maumivu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukijua. Siku za kuchota sikunywa kahawa wala sikujipaka mafuta, maana vidole vyangu vyenyewe vingeingia kwenye hesabu ya mashine. Nilikwenda kazini mikono imepauka kama ya mtoto aliyecheza vumbini.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua nilikuwa maabara, nimeketi kando ya dirisha, mvua inanyesha ile mvua ya Nairobi isiyokuwa na nguvu wala haraka. Mkuu wetu alikuwa mtu wa sweta, mpole, aliyezungumza kama aliye kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Aliweka karatasi mbele yangu akaniambia nisome mstari wa tano. Nikausoma. Nikausoma tena.

Jina lile refu nililijua kabla sijajua kuandika jina la shule yangu. Lilikuwa limeandikwa kwenye kopo jeupe la plastiki, juu ya kabati, katika chumba chetu cha Kawangware. Ilikuwa dawa ya kifafa ya mama yangu.

Mama alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa msichana, na tangu nipate akili alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake siku hizo ikiwa ndani, karibu na mlango, mguu wake ukikanyaga siku nzima. Mlio wa ile mashine ndio uliokuwa saa yetu. Ukikatika ghafla, katikati ya mshono, nilijua. Niliacha nilichoshika, nikaingia ndani, nikamlaza ubavu, nikamwekea leso iliyokunjwa chini ya kichwa, kisha nikasimama mlangoni. Mteja akija nilimwambia mama ametoka, arudi baadaye. Nilikuwa na miaka saba au minane, na niliweza kusema uongo ule bila kupepesa macho. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake ikirudi kidogo kidogo, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile siku zote: "Nani ameniona?"

"Hakuna mtu, mwaitu," nilimjibu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

Kwa hiyo nilipoliona jina lile kwenye karatasi ya maabara, nilihisi kana kwamba mtu ameingia chumbani kwetu na kufungua kabati.

Mkuu wetu hakujua lolote kuhusu mambo hayo. Alikuwa ameshangazwa na jambo jingine. "Ukimeza dawa hii," alisema, "mwili unaibadilisha. Sehemu kubwa hutoka ikiwa na umbo jingine. Kwenye maji ya watu tunatarajia kukuta maumbo yote mawili, na lile la pili ndilo liwe jingi." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa umbo la pili halipo kabisa. Hii dawa haijapita mwilini."

"Ina maana gani?"

"Ina maana mtu anaitupa. Kidonge kizima, moja kwa moja kwenye maji." Akaikunja karatasi. "Na mwamba ule ukishaipokea dawa hii, haiozi upesi. Inakaa."

Siku hiyohiyo aliagiza bomba lifungwe. Maji yalielekezwa kwenye mtaro wa zamani, na shimo letu likaachwa na mfuniko wake wa chuma. Mimi nilitumwa kutafuta yanakotoka.

Kazi ile ilinichukua wiki tatu. Nilichota kwenye mabomba ya mapaa: hamna. Nilichota mfereji wa bafu la wanaume: hamna. Upande wa wanawake: ipo. Nikachota saa baada ya saa, kuanzia mlango unapofunguliwa hadi jioni, nikiwa nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, wanawake wanaingia na taulo mabegani na kutoka wakinukia sabuni. Baadhi walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa kuhesabu wanaooga. Majibu yaliporudi yalisema asubuhi tu, ile saa ya kwanza, kisha inapungua hadi inapotea.

Nani huoga wa kwanza? Sikuhitaji mashine ya kuniambia. Mama mboga alikuwa akioga bafu likifunguliwa tu, kabla ya kupanga mboga zake, nami nilimkuta kila siku nywele zimelowa, akitingisha maji kwenye mafungu ya managu. Lakini wanawake wengine wanne au watano waliingia saa ileile. Na hata kama ni yeye, ningemwambia nini? Kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo, alikuwa na kovu la moto, ngozi imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza na nikageuza macho. Mama yangu analo la namna ile mgongoni mwa mkono. Wenye kifafa huangukia jiko.

Siku nne au tano nilikuja na kuondoka na neno mdomoni. Nilinunua mboga zaidi ya nilizoweza kula. Aliniuliza kama nimepata mume.

Kisha ikawa asubuhi moja ya jua kali, mara tu baada ya mvua, matope yanatoa mvuke. Alikuwa akinikatia sukuma. Kisu kilikuwa kinakwenda haraka, nyuzi za kijani zinaanguka kwenye sinia, na mara mkono ukasimama. Akanitazama, lakini hakuwa akinitazama mimi. Alitazama kitu kilicho mbali sana nyuma yangu. Nilikiona kisu kabla ya yote. Nikakichukua mkononi mwake, na hapo akaanguka.

Watu walikuja kisha wakarudi nyuma. Mwanamume mmoja muuza makaa alipiga kelele, "Msimguse, msimguse!" Mwingine alikuja na kijiko amtie mdomoni. Nilimwambia hapana, nikamwambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikamgeuza ubavu. Nikavua sweta nikaliweka chini ya kichwa chake. Nikapiga magoti kwenye matope, mkono wangu begani mwake, nikingoja, na kwa kweli sikuogopa. Ni ajabu kulisema, lakini nilihisi nimerudi nyumbani. Kelele za watu zilikwenda mbali. Nilisikia maji yakidondoka mahali fulani kutoka kwenye paa, tone, tone, na pumzi yake ikianza kurudi.

Alipofumbua macho aliangalia anga kwanza, kisha mimi, kisha viatu vya watu waliotuzunguka.

"Nani ameona?" akauliza.

Safari hii sikuweza kusema hakuna mtu. "Wote wameona," nikamwambia. "Na wewe uko sawa. Lala kidogo."

Tulimpeleka nyuma ya bafu, kwenye kivuli cha matete, nikamnunulia chai. Alikaa muda mrefu ameshika kikombe bila kunywa. Watu walipokwisha kutawanyika alianza kusema mwenyewe, polepole, kama anayesimulia ndoto ya jana.

Alikuwa ameombewa. Kanisani, mbele ya watu wote, mhubiri aliweka mikono juu yake na ugonjwa ukaamriwa utoke, naye alisimama akatoa ushuhuda kwamba amepona. Miezi miwili mizima hakuanguka. Sasa angemezaje dawa ya ugonjwa ambao alisema umetoka? Lakini wifi yake, dada ya mumewe, hakuamini. Kila mwezi alimchukulia dawa kliniki, na kila wiki alikuja kutazama vimebaki vidonge vingapi kwenye kopo.

"So kila asubuhi natoa kimoja," alisema. "Naenda nacho bafu. Kwa taka siwezi tupa, watoto wa hapa wanaokota kila kitu, wataona ni peremende. Naweka kwa maji, naona kinaisha. Kinaisha tu, siste, kama sabuni."

"Umeanza kuanguka tena lini?"

"Kitambo." Akafuta uso kwa leso. "Lakini nyumbani. Hakuna mtu alikuwa ameona."

Nikamwambia, basi. Nikamwambia kuhusu karatasi na mstari wa tano, na kwamba wiki zile zote nilizokaa juu ya ndoo nilikuwa namtafuta yeye. Nilidhani atakasirika. Aliyatazama mabomba yetu, tangi, mfuniko wa chuma, kana kwamba anaviona kwa mara ya kwanza.

"Kidonge kidogo hivyo?" akasema. "Na maji yote hiyo?"

"Kila siku. Maji hayo yalikuwa yanakwenda kwa kisima."

"Watu wangekunywa?"

"Kidogo sana. Hatujui ingewafanya nini. Pengine hakuna kitu. Ndiyo maana tulifunga."

Hapo ndipo alipolia. Kuanguka hakukuwa kumemliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada yake, nilimpeleka Kawangware kwa mama yangu. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba mimi si mgonjwa, na kwamba kuna maneno ambayo mtu asiyeumwa hawezi kuyasema. Mama alikuwa barazani, jua la saa nane limejaa kwenye vitambaa, akipunguza kiuno cha gauni la mtu. Nilikuwa nimeshamweleza kwa simu.

"Karibu, mama. Keti hapa karibu na mimi," alimwambia mgeni, akaendelea kushona. Mama hajui kuzungumza na mtu bila kukanyaga ile mashine. Nilikwenda ndani kuchemsha chai, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Hata mimi naomba," mama alisema. "Nakishika kidonge hivi, nakiombea, nameza. Sijawahi kuambiwa nichague."

"Mimi niliambiwa."

"Na mimi niliacha wakati mmoja." Cherehani ikanyamaza. Nilisimama na sufuria mkononi, kwa mazoea ya mwili, tayari kukimbia. Lakini ulikuwa ukimya tu. "Huyu alikuwa mdogo, bado namfunga mgongoni. Nilikuwa nimekaa vizuri muda mrefu, nikasema si nimepona, dawa ya nini. Nikaanguka na yeye mgongoni, hapo kwa mtaro. Jiwe likampasua hapa."

Nina kovu juu ya nyusi ya kulia. Maisha yangu yote niliambiwa niligonga pembe ya mlango nilipokuwa najifunza kutembea. Kulikuwa hata na hadithi yake, jinsi nilivyocheka kabla ya kulia.

"Umewahi kumwambia?" mgeni aliuliza.

"Namwambia sasa," mama alisema. "Ananisikia huko ndani. Chai haichukui muda hivyo."

Nilitoka na vikombe. Sikujua niuelekeze wapi uso wangu, kama naweza kusema hivyo. Mama alinivuta karibu, akapitisha kidole gumba juu ya nyusi, mara moja, jinsi anavyolainisha mshono, kisha akasema sukari haitoshi. Tulikunywa chai. Jua liliondoka kwenye vitambaa likapanda ukutani. Wale wawili walianza kulinganisha makovu yao ya moto, hili la ugali, hili la maji ya kuoga, hili la mafuta ya mandazi, na mama yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo aliniweka mlangoni kuwa mlinzi wa siri yake, alicheka kwa sauti hadi jirani akachungulia.

Wiki ile mama mboga alikwenda kliniki na wifi yake. Muuguzi alimkaripia, kisha akamwanzisha tena kwa kiasi kidogo, kikaongezwa taratibu. Alianguka mara mbili zaidi, mara moja mezani pake, na wale wa makaa walijua la kufanya. Walimgeuza ubavu wakawafukuza wenye vijiko. Baadaye ikawa haanguki.

Kwa mkuu wetu nilikuwa na deni la jibu. Aliniuliza kama nimekijua chanzo.

"Nimekijua. Hakitarudi."

Alinitazama juu ya miwani yake. Nilikuwa nimejiandaa kukataa kutaja jina, lakini hakuliuliza. Alisema niendelee kuchota, tuone. Niliendelea. Mstari wa tano ulipungua wiki baada ya wiki hadi mashine ikaandika kwamba haioni kitu. Nikapumua. Kisha, katika msimu wa baridi, alikuja mezani kwangu na karatasi mpya, sauti yake chini kuliko kawaida.

"Lile umbo la pili," alisema. "Limeonekana. Kidogo mno, upande wa wanawake, asubuhi." Akakohoa. "Watu, unajua, wakiwa bafuni, huwa..."

"Wanakojoa," nikamsaidia.

"Ndiyo. Basi." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Mtu fulani anameza dawa yake."

Nilikwenda nayo ile karatasi dirishani. Kulikuwa na wingu zito juu ya jiji, na mwanga ule wa Julai usiotoka upande wowote. Nilijua ni tatizo. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hata kiasi kile hakishuki kwenye mwamba, na tulikuwa na ripoti ya kuandika. Lakini nilisimama pale nikauangalia mstari mmoja wa tarakimu kwa furaha ambayo sijui niilinganishe na nini, na nilipojiona kwenye kioo cha dirisha nilikuwa natabasamu kama mtu aliyepokea barua.

Wenye mradi walijadiliana miezi kadhaa. Mwishowe waliongeza tangi jingine kati ya matete na shimo, lililojazwa makaa ya namna ya pekee yanayonasa dawa, nami nikachota maji yanayoingia na yanayotoka hadi mkuu wetu aliporidhika. Kulikuwa na mkutano na watu wa Lindi na Silanga. Waliuliza maswali makali, na mengine hatukuyajibu kwa sababu hakuna ajuaye. Mama mboga alikaa nyuma na hakusema kitu. Kanisani kwake hajasema kitu pia, hadi leo; bado anahesabiwa miongoni mwa waliopona. Niliwahi kumuuliza kama jambo hilo linamsumbua, akasema siku zingine.

Bomba lilifunguliwa tena asubuhi ya mvua. Nilipewa mimi kuizungusha koki. Ilikuwa ngumu, imeshika kutu kidogo, kisha ikalegea, na nikasikia maji yakianza kushuka, mwanzo kwa kishindo, halafu kwa sauti ya mbali inayozidi kuwa ya mbali, hadi sikuweza kusema kama bado nayasikia au nayakumbuka. Mama mboga alikuwa amevuka barabara akasimama nami chini ya mwavuli wake, fungu la kunde kwapani.

"Yameenda?"

"Yameenda."

Kisha mteja akamwita kutoka mezani, akaniachia mwavuli, akakimbia.